Lodwar na Marsabit ni kilomita 280 tu. Haya, jaribu kufika

Fungua simu, ingia kwenye zile tovuti za kupima umbali, andika Lodwar kwa kisanduku cha kwanza na Marsabit kwa cha pili. Jibu linakuja haraka kuliko makanga anayekudai nauli: kilomita 280 hivi kwa mstari ulionyooka, safari ya ndege kama dakika 50. Kwenye ramani unachorewa mstari unaovuka Ziwa Turkana kama kamba ya kuanika nguo. Ukiutazama hivyo utadhani ni safari ya kwenda kunywa chai na kurudi.

Kilomita 280 ni nini kwani? Ni karibu sawa na Nairobi hadi Kisumu kwa angani, ambayo ni kama 265. Na ya Kisumu unaijua mwenyewe. Kuna ndege kadhaa kila siku, soda hujamaliza unaambiwa funga mkanda tunatua. Ukikosa pesa ya ndege kuna basi, kuna matatu za usiku na mchana. Barabarani ni kilomita 350 hivi. Unatoka Nairobi na mandazi mkononi, jioni unakula samaki.

Sasa Lodwar na Marsabit. Ndege ya abiria ya moja kwa moja, hakuna. Basi la moja kwa moja, hakuna. Lami ya kuunganisha hii miji miwili bila kuzunguka nusu ya Kenya, hakuna. Na si ati ni miji ya mataifa tofauti. Turkana na Marsabit ni kaunti jirani, mpaka wao uko ndani ya ziwa. Ukiziweka pamoja ni karibu robo ya ardhi yote ya Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana na 459,785 Marsabit. Hao ni watu karibu milioni moja na nusu, na makao makuu ya kaunti zao hayana njia ya kufikiana.

Kwanza tumalizane na hizo dakika 50, kwa sababu ndizo hudanganya watu. Hazikutoka kwa rubani yeyote. Kompyuta inachukua umbali wa mstari ulionyooka, inaugawanya kwa kasi ya jeti kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, inapata dakika 21. Halafu inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Imemaliza. Haijauliza kama kuna uwanja, haijauliza kama kuna ndege. Andika jina la boma la shosho yako na jina la kisima chochote cha Chalbi, itakupa dakika zake bila aibu.

Na jeti ya kasi hiyo haitui Lodwar wala Marsabit. Ndege za huko ni za propela. Dash 8, ambayo ni kubwa kidogo, huenda kama kilomita 500 kwa saa, kwa hivyo ingevuka kwa dakika 35 hivi ikiwa hewani. Cessna Caravan, ile ndogo yenye propela moja puani, huenda kama 300 kwa saa. Hiyo ingechukua karibu saa nzima. Yaani hata ukichagua ndege ya pole kabisa, bado ni saa moja. Tatizo si kasi. Tatizo ni kwamba hakuna anayeruka hiyo njia.

Anayetaka kufika anafanya hivi: anapanda basi Lodwar, anateremka Lokichar, Kainuk, Kapenguria, Kitale, anapita Eldoret na Nakuru mpaka Nairobi. Hapo amekula kama kilomita 680, usiku mzima. Nairobi anavuka mji kwenda kutafuta basi la Marsabit au Moyale, Isili ndiko mengi hupatikana. Kisha anapanda tena: Thika, Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, Laisamis, Marsabit. Kilomita zingine 530 hivi. Jumla 1,200. Alianza safari akiwa kilomita 280 kutoka anakoenda, na saa kadhaa baadaye, akiwa Nairobi, yuko kilomita 420 kutoka huko. Amesafiri usiku kucha na amezidi kuwa mbali.

Utasema basi akatize Nakuru, apitie Nyahururu na Nanyuki mpaka Isiolo asifike Nairobi. Inawezekana. Bado ni zaidi ya kilomita 1,000, na sasa amebadilisha gari mara tano: Kitale, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki, Isiolo. Kila steji ni kungoja gari lijae, ni kulinda begi, ni mtu kukuvuta mkono akikuambia gari lake ndilo linatoka sasa hivi. Wengi huamua afadhali Nairobi, angalau huko wana binamu wa kuwapa kochi.

Kwa ndege ni hadithi ileile, tofauti ni kwamba unailipia zaidi. Lodwar ina ndege za kwenda Nairobi. Marsabit wanaoruka mara nyingi ni wa ndege za kukodi, watu wa serikali na wa mashirika. Hata ukibahatika kupata zote mbili, ni kilomita 510 kushuka Nairobi na 420 kupanda tena. Unaruka 930 ili ufike mahali palipokuwa 280.

Na ukikodi ndege yako mwenyewe? Hii ndiyo hesabu iliyonichekesha halafu ikaninyamazisha. Ndege za kukodi nyingi zinalala Wilson, Nairobi. Kwa hivyo itoke Wilson ikiwa tupu hadi Lodwar, 510. Ikuvushe hadi Marsabit, 280. Halafu irudi Wilson ikiwa tupu, 420. Piga jumla: 1,210. Ni zilezile kilomita 1,200 za basi! Na mwenye ndege hakulipishi ile saa moja aliyokubeba. Anakulipisha saa zote nne za Caravan. Hata angani, Lodwar na Marsabit wanapimwa kupitia Nairobi.

Nina rafiki, mtu wa Lodwar, tulikuwa darasa moja chuoni kabla niache (karo, si kingine). Dada yake mdogo alipata nafasi ya diploma Marsabit. Kwao walifurahi kweli, mbuzi akachinjwa. Hakuna aliyepima barabara siku hiyo. Mimi chuo nilichoacha kilikuwa matatu moja kutoka kwetu, na nilikuwa nalalamika kuhusu msongamano wa asubuhi.

Msichana huyu huenda nyumbani mara moja kwa mwaka, Desemba. Wenzake wa Isiolo na Meru wakipewa wiki moja ya mapumziko wanaenda kwao, yeye anabaki hosteli. Ukihesabu kwenda na kurudi, siku nne za hiyo wiki zitakuwa za kiti cha basi, na nauli itakula pesa ya chakula ya wiki kadhaa. Kwa hivyo anabaki, anapika wali, anaosha nywele, anaazima chaja.

Halafu mwaka jana nyanya yao akafariki. Ilikuwa Jumatano usiku, na familia ikaamua mazishi ni Ijumaa asubuhi. Alipigiwa simu Alhamisi, mabasi ya asubuhi yakiwa yameshaondoka Marsabit. Kitu cha kwanza alichofanya ni kile mimi na wewe tungefanya: alitafuta ndege kwa simu. Akaona dakika 50. Akaanza kupiga simu huku na huku akiuliza tiketi inakatwa wapi, akiwa ameshapanga nani atamkopesha pesa. Ilimchukua karibu saa mbili kuelewa kwamba hiyo ndege haiko.

Mamake ndiye aliyemkatiza. "Mama, wacha kujisumbua," alimwambia, vile mama zetu huita binti zao. "Utafika tukishamaliza. Hiyo pesa kaa nayo, ule." Akaona mazishi kwa simu, video ikikatika kila mara kwa sababu ya netiweki. Aliponisimulia hakulia. Alisema tu kwamba kilichomkasirisha ni hiyo namba, dakika 50. Angeandikiwa siku mbili tangu mwanzo, asingepanga chochote.

Sasa najua kuna msee anajiuliza: si kuna ziwa hapo katikati, apande boti? Swali zuri, na wavuvi huvuka kweli. Lakini tazama vizuri. Kutoka Lodwar unafika ufuoni Eliye Springs baada ya kama kilomita 65. Loiyangalani, ng'ambo ya pili, haiko mbele yako, iko upande wa kusini-mashariki, karibu kilomita 100 za maji. Na ukifika Loiyangalani hujafika Marsabit. Umebakisha zaidi ya kilomita 200 za mawe, mchanga na ngamia, ukingoja lori au Landikruza ya mtu mwenye roho nzuri.

Halafu kuna upepo. Ziwa Turkana liko kwenye mlango kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na hewa ikibanwa mahali kama hapo inakimbia. Inavuma kutoka kusini-mashariki, kali zaidi usiku na alfajiri. Anayetoka upande wa Lodwar inampiga usoni, awe kwenye boti au kwenye ndege ndogo. Mwaka 1934, msafara wa wanasayansi ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs uliwapoteza wenzao wawili, Martin na Dyson, waliokuwa wamevuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Wakazi wa hapo hawahitaji hadithi ya wazungu kuogopa hayo maji, kila ufuo una majina yake ya waliozama.

Huo upepo una kejeli yake pia. Karibu na Loiyangalani, mahali panapoitwa Sarima, kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, jumla megawati 310. Ilibebwa vipande vipande kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, na kwa ajili yake barabara ya kama kilomita 200 kutoka Laisamis ikatengenezwa upya. Umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa nyaya hadi Suswa, karibu na Nairobi. Kwa hivyo mtu asiniambie eneo hilo haliwezi kufikika. Panga la mtambo, refu kuliko basi, lilifika. Umeme unatoka kila siku. Binadamu wa Lodwar anayetaka kumzika nyanya yake ndiye bado anazungushwa.

Kwa nini iko hivi? Jibu rahisi ni pesa: abiria ni wachache, ndege haiwezi kujaa. Ni kweli, lakini ni kweli ya kuzunguka mti. Abiria ni wachache kwa sababu hakuna njia, na hakuna njia kwa sababu abiria ni wachache. Mfanyabiashara wa Lodwar hana mteja Marsabit kwa sababu mbuzi wake anaelekea Nairobi, na wa Marsabit vilevile. Hata ndizi zikikutana na nyanya, zinakutana sokoni Nairobi.

Jibu refu ni kwamba hiyo miji ilichaguliwa kwa umbali wake. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Harry Thuku alipokamatwa 1922 kwa kuupinga ukoloni, alipelekwa Kismayu, na baadaye akawekwa Marsabit, kuachiliwa kwake kukaja baada ya miaka karibu tisa. Jomo Kenyatta, baada ya kifungo cha Lokitaung, aliwekwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Mkoloni alikuwa akitafuta mahali ambapo mtu akiwekwa hataonekana, na miji miwili aliyoiona inafaa ndiyo hiyo. Mtu wa kawaida naye alihitaji kibali kuingia au kutoka sehemu hizo za Kaskazini. Barabara zilizokuwepo zilikuwa za kumpeleka polisi kutoka makao makuu na kumrudisha. Za kumtoa Mturkana kwake kumtembelea Mrendille hazikuwa kazi ya serikali.

Uhuru ulikuja, na 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi haraka. Unajua mwenyewe ni mikoa gani hiyo ilikuwa, na mikoa gani haikuwa. Ndiyo maana hadi leo utasikia mzee wa Kaskazini akipanda basi la kushuka Nairobi na kusema anaenda Kenya. Watu hucheka. Mimi nikishika hesabu za kilomita naona mzee hakukosea sana.

Nisiwe mtu wa kulia tu. Mambo yamebadilika. Lami ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, imekamilika miaka ya juzi, na Marsabit ambayo ilikuwa siku mbili za vumbi kutoka Isiolo ukikwama, sasa ni asubuhi moja. Barabara ya Kitale hadi Lodwar nayo imetengenezwa, ingawa wanaopita Kainuk bado hutazama vichaka kwa wasiwasi. Lakini angalia zinavyoenda hizo barabara. Moja inapanda upande wa kushoto wa ziwa, nyingine upande wa kulia. Zote zinatoka chini kwenda juu. Hakuna ya kutoka kushoto kwenda kulia.

Iliyoahidiwa ya kwenda hivyo ipo kwenye makaratasi ya LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, marais Kibaki na Salva Kiir wakiwepo pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Ndani yake kuna barabara ya kutoka Isiolo kupitia Nginyang hadi Lokichar na kuendelea Lodwar. Ikijengwa na ikawa salama, mtu wa Lodwar atafika Isiolo bila kuiona Eldoret wala Nakuru. Itabaki kuwa ya kuzunguka ziwa kwa kusini, lakini itakata kilomita nyingi. Wanafunzi waliokuwa darasa la kwanza siku ya uzinduzi wameshamaliza sekondari.

Kuhusu ndege, mimi sioni kwa nini zile zinazokwenda Lodwar zisijaribu hata mara moja kwa wiki kuvuka hadi Marsabit kabla ya kurudi Nairobi. Kutoka Nairobi, Lodwar, Marsabit, Nairobi ni pembetatu ya kilomita 1,210. Kwenda Lodwar na kurudi tayari ni 1,020. Nyongeza ni 190, chini ya nusu saa kwa Dash 8. Kaunti hizi mbili zina magavana, zina wafanyakazi, zina wagonjwa, zina wanafunzi. Sijaona kwenye hesabu hiyo kitu kinachoshinda mkutano mmoja.

Ila Marsabit yenyewe si uwanja wa kuchezea. Mji uko mlimani, na ukungu wa asubuhi unaweza kufunika kila kitu. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilianguka hapo karibu ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, watu 14 kati ya 17 wakafa, wakiwemo wabunge kadhaa wa Kaskazini kama Bonaya Godana. Walikuwa wanaenda mazungumzo ya amani, kuwakutanisha majirani. Kwa hivyo anayeweka ndege hapo aweke na vifaa vya kumwongoza rubani, na ratiba iwe ya mchana jua likishatoa ukungu.

Kama una safari hiyo mwezi huu, sikiliza. Usiamini dakika za tovuti, uliza mtu wa basi. Panga siku mbili kamili na ya tatu ya akiba, hasa mvua ikinyesha. Tiketi ya Lodwar hadi Nairobi chukua mapema, na kama unaweza chagua gari litakalokupitisha Kainuk mchana. Chaji simu Isiolo na uwe na pesa taslimu kidogo. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari, kwa sababu vizuizi vya polisi njia ya Marsabit ni vingi na wakati mwingine basi zima huteremka. Maji beba ya kutosha kuanzia Archer's Post. Na sweta. Watu wa Lodwar huwa hawaamini habari ya sweta mpaka ile asubuhi ya kwanza Marsabit, ukungu ukiwa mlangoni na wenyeji wamevaa makoti.